Mama ana mkanda wa jeshi, damu imesoma "IgG chanya". Maana yake nini?

BintiMasasi: Habari zenu. Mama yangu, miaka 63, alianza kuungua ubavu wa kulia wiki iliyopita. Juzi jioni vikatoka vilengelenge, mstari mmoja kutoka mgongoni mpaka chini ya titi. Zahanati tuliyokwenda wakamtoa damu, wakasema dawa asubiri majibu. Leo karatasi imeandikwa "VZV IgG: chanya", hakuna aliyetueleza. Jirani naye kamwambia mkanda ukizunguka ukakutana, unaua. Mama halali.

BenchiLaTabora: Pole sana dada, na mfikishie mama shikamoo yangu. Nipo maabara mwaka wa 14 sasa. IgG ni kingamwili za kumbukumbu. Aliyeugua tetekuwanga utotoni hubaki nazo, kwa kawaida maisha yake yote, kwa sababu kirusi cha tetekuwanga na cha mkanda ni kilekile, ndicho hicho VZV: hakiondoki, kinajificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, na umri ukisogea au kinga ikishuka kinaamka. Kwa hiyo jibu hilo limesema mama amewahi kukutana na kirusi. Halijasema kama ndicho kinachomuunguza leo.

Anayetaka kukiona chenyewe anatafuta vinasaba vyake kwa PCR, kipimo kinachovizidisha mpaka vionekane, na sampuli nzuri si damu. Unatoboa kilengelenge kibichi, unasugua kitako chake kwa kijiti cha pamba mpaka kilowe. Hata gamba lililokauka linafaa. Kwenye damu kirusi huwa kidogo, kinaweza kukosekana na mgonjwa anao mkanda. Chupa nayo ina maneno yake. Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea damu ya mkanda kwenye kifuniko cha kijani, nikaipitisha. Ile ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo inazuia PCR. Mashine haikusoma chochote, hata kidhibiti cha ndani, kile kinachopaswa kusoma kila mara kuonyesha kipimo kimefanya kazi, hakikutokea, ndipo nikashtuka. Ikabidi mgonjwa achomwe tena, chupa ya zambarau.

Ila dada, mkanda kama wa mama daktari anautambua kwa macho. Dawa haingoji maabara! Asiklovia, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Mnazo saa chache. Mrudisheni kwa daktari leo hii, amwandikie dozi inayomfaa, na mkumbusheni kama figo zina shida. Aombe na kipimo cha VVU, ingawa miaka 63 peke yake yatosha kukiamsha kirusi. Na huko kukutana si kweli, mwambieni alale.

MzeeWaKariakoo: Mimi ulinitoka kwenye paji la uso ukashuka mpaka puani. Ukiona hivyo kimbia kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

BintiMasasi: Asanteni mno. Tupo njiani na bajaji. Mdogo wangu ndiye anayemwogesha mama, ana mimba ya miezi minne na hakumbuki kuugua tetekuwanga. Kuna ubaya?

BenchiLaTabora: Aache kumwogesha kuanzia sasa, maji ya vilengelenge yanaambukiza mpaka vikauke. Mama afunike kwa kitambaa safi. Na njooni na mdogo wako kwa daktari huyohuyo: IgG ambayo kwa mama haikuwa na kazi, yeye ndiye anaihitaji. Ikitoka chanya, ana kinga. Ikitoka hasi, daktari ajue leo, si wiki ijayo.