P100 (kilele cha mwitikio wa ubongo, kama milisekunde 100 baada ya picha kugeuka) haionekani, mstari umejaa mawimbi ya umeme. Tuanzie wapi?

Isevya_T: Wakuu, heshima kwenu. Hapa Tabora tunapima mwitikio wa ubongo kwa kuona. Mgonjwa anatazama drafti nyeusi na nyeupe ikigeuka kwenye skrini, mita 1 mbele yake, mageuzi 2 kwa sekunde. Elektrodi iko Oz (katikati ya kisogo), ya rejea iko Fz (katikati, mbele ya kichwa), erthi kwenye ndewe. Wastani wa mara 100 unatoa mawimbi laini, kilele kila milisekunde 20. Mara 200 bado yapo vilevile.

Ujiji01: Mkuu, kilele kila milisekunde 20 ni hezi 50, umeme wa ukutani huo. Kelele ya kawaida ukipiga wastani mara 100 hushuka hadi sehemu ya 10. Hii haishuki kwa sababu imefungamana na kasi yenu: 2 inaingia kwenye 50 mara 25 kamili, kwa hiyo kila geuzi linaukuta umeme palepale. Kama skrini ni ya hezi 60, geuza kila baada ya fremu 32. Mtapata 1.875 kwa sekunde, na umeme utakuwa umezunguka mara 26 na theluthi mbili, hivyo umeme wa mageuzi matatu mfululizo unafutana. Tafadhali msiwashe kichujio cha hezi 50. Kinapendezesha mstari lakini kinaweza kupotosha umbo na muda wa P100, na muda ndio tunaoutafuta.

Isevya_T: Asante mkuu. Ukinzani Oz ni kiloomu 4, Fz 14.

Mama_Neva: Huo mwachano ndio mlango wa umeme. Zote ziwe chini ya 5 na zikaribiane. Tenganisha nywele kwa mkia wa kitana, ondoa mafuta kwa spiriti, sugua ngozi kwa krimu ya kukwaruza, ndipo uweke jeli. Kama amesuka, mistari ikipita juu ya Oz ni afadhali afumue hapo. Oz ni asilimia 10 ya urefu kutoka nundu ya kisogo hadi mzizi wa pua: urefu huo ukiwa sentimita 36, panda 3.6 kutoka kwenye nundu. Sokota nyaya pamoja, feni na chaja ziwe mbali nazo.

Ujiji01: Nyongeza: jicho moja moja, miwani yake avae, asisinzie. Miraba ya digrii 1 kwa mita 1 ina upana wa milimita 17.5, pimeni kwa rula. P100 ikichelewa sawasawa kwa kila mtu, macho yote mawili, shukuni skrini bapa kabla ya neva. Kagueni ucheleweshaji wake kwa fotodayodi (kihisi cha mwanga).