Mada: Binti yangu ameitwa na rais mpya wa chuo, aende?

Kutoka: Mama wa Njoro

Hamjambo ndugu zangu mlio ng'ambo. Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Minnesota. Jana alinitumia barua pepe aliyopokea: rais mpya wa chuo anawaalika wanafunzi kwenye kikao cha kuwasikiliza. Mimi ni jirani wa Egerton tangu nilipoolewa, najua Chansela hutunuku shahada na Naibu Chansela huendesha chuo. Huyu rais ni nani tena? Na huku kwetu mwanafunzi akiitwa na mkubwa, ujue kuna kesi. Mwenyewe anasema hataki kwenda, ati ana zamu ya kazi maktaba. Nishaurini.

Kutoka: Kijana wa Section 58

Mama, salamu nyingi. Hakuna kesi. Rais wa chuo huku ndiye Naibu Chansela wenu kwa kazi. Anaajiriwa na bodi, na miezi ya kwanza huzunguka kila pembe: mabweni, maabara, uwanja wa mpira, hata foleni ya chakula. Picha zinapigwa si haba. Sherehe ya kumsimika, na majoho na maandamano ya maprofesa, mara nyingi huja baadaye akiwa ameshazoea ofisi. Wakirusha kikao mtandaoni unaweza kutazama, ila saa kumi jioni ya Minnesota mwezi huu wa Septemba ni saa sita usiku Njoro.

Kutoka: Mjomba wa Kondele

Kijana amesema vizuri lakini amepita haraka penye nyama. Aende, na aende na swali moja.

Vikao hivi hufunguliwa kwa sifa. Atasikia utafiti uliopata fedha, timu iliyoshinda, wanafunzi wanatoka nchi ngapi. Bendera yetu itakuwepo ukutani. Wana haki ya kujisifu, na apige makofi, kuna watu wamekesha maabara kwa ajili ya hizo sifa. Lakini enzi zangu za kusoma huku, bendera ilipepea Septemba na Desemba mabweni yakafungwa, sisi tusio na shangazi wa kutulaza tukabaki na masanduku yetu kwenye baridi. Hakuna aliyetuchukia. Kalenda ilipangwa na watu ambao kwao ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Sasa rais mgeni hakuipanga kalenda hiyo, kwa hiyo hana sababu ya kuitetea. Akishamaliza mwaka itakuwa yake, na ataitetea kama wenzake.

Swali liwe fupi: mabweni gani yatabaki wazi likizo ya Desemba, na kwa bei gani? Asiulize "mna mpango gani na sisi wageni", kwa hilo atapewa hotuba. Akiambiwa watalifuatilia, aulize ni nani atakayelifuatilia, aandike jina, na kesho yake amtumie barua pepe, nakala kwa serikali ya wanafunzi.

Kutoka: Wa Kakamega

Naongeza. Mambo ya viza asiyapeleke hapo. Rais hasaini I-20, ile fomu ya chuo inayoambatana na viza ya mwanafunzi, hiyo ni kazi ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni. Akitaka kuja nyumbani Desemba, ahakikishe saini ya safari kwenye fomu hiyo haitakuwa imepitisha miezi 12 siku ya kurudi. Kazi ya chuoni ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ya nje bila idhini hakuna rais wa kumwokoa. Hiyo zamu abadilishane na mwenzake, wasimamizi wa maktaba wamezoea.

Kuhusu sifa, Mjomba, natofautiana nawe kidogo. Wangari Maathai alipohitimu Kansas mwaka 1964, nani alijua habari za Nobel ya 2004? Binti akipata tuzo au akishiriki utafiti, hata mdogo, apeleke habari kwa ofisi ya mawasiliano ya chuo. Rais mpya anatafuta hadithi za kusimulia kwa wafadhili, na ufadhili wa masomo hutoka kwa haohao. Sisi tumelelewa kunyamaza, tunamwachia mwingine atutaje.

Kutoka: Mama wa Njoro

Asanteni sana. Amekwenda. Anasema sauti ilimtetemeka, lakini aliuliza la mabweni, na rais akamgeukia msaidizi wake: kumbe huwa tunafunga? Msaidizi ameahidi jibu kabla ya mwisho wa Oktoba. Binti ameshamwandikia, na nakala amenitumia na mimi, sijui mimi ni serikali ya wanafunzi ya wapi.

Sasa wakikataa, kuna familia yetu karibu na St. Paul ya kumkaribisha hizo wiki tatu? Anapika, anaosha vyombo bila kuambiwa, na simu hakeshi nayo sana. Na kama kuna anayesafiri kutoka Nairobi kabla ya hapo, nina kilo mbili za unga wa wimbi, nitamletea hadi stendi ya Nakuru.