Wastani wa halijoto wa mwaka: nijumlishe siku zote au nipitie miezi?

Kiangazi: Wakuu, nina jedwali la halijoto ya juu na ya chini ya kila siku, mwaka mzima. Nikijumlisha siku zote na kugawanya napata nyuzi 19.41. Nikipitia wastani wa miezi 12 napata 19.17. Mwezi wa saba una wastani wa 10 na umekosa vipimo vya siku 10. Miezi mingine yote ni kama 20. Nishike ipi?

Mizani: Shika ya miezi. Siku 10 za baridi zikikosekana, baridi inapungua uzito kwenye jumla na mwaka unapanda bure: (334×20 + 21×10) ÷ 355 = 19.41. Ukipitia miezi, zile siku 21 zinausemea mwezi mzima. Ukitaka kuwa mkali, zidisha kila mwezi kwa idadi ya siku zake, kisha gawanya kwa 365: unapata 19.15. Hiyo tofauti ya 0.02 kipimajoto chenyewe hakiioni.

Seli Tupu: Siku hizo 10 zimekaaje? Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unasema mwezi uliokosa siku 11 au zaidi, au siku 5 mfululizo, hautolewi wastani.

Halafu, kama jedwali liko Excel, chunga fomula (B ni halijoto ya juu, C ya chini). =(B2+C2)/2 kwenye seli tupu inatoa 0, na AVERAGE inaihesabu hiyo 0 kama kipimo. Kwako ingeshusha mwaka hadi 18.88, kwa hiyo inaonekana umenusurika. Salama ni =IF(COUNT(B2:C2)=2,(B2+C2)/2,""). Siku yenye kipimo kimoja tu, iache.

Kiangazi: Zimetawanyika, mfululizo mrefu ni siku 3.

Mizani: Basi mwezi unafaa.

Alasiri: Uliza pia kipimajoto kilisomwa saa ngapi. Kikisomwa na alama zake za juu na chini kurudishwa zianze upya saa 9 alasiri, joto bado liko juu, kwa hiyo siku moja kali inaweza kuandikwa mara mbili: leo na kesho. Kikisomwa alfajiri, ni baridi inayorudiwa. Saa ikibadilishwa katikati ya mwaka, wastani unaruka na hali ya hewa haijabadilika. Na kama miezi mingine ina vipimo vya kila saa, usichanganye: wastani wa vipimo 24 na ule wa juu na chini havilingani.