Wife hataki mtoto aitwe Yakobo, eti maana yake mlaghai. Hii imekaaje wakuu?

Wakuu habari zenu. Nina kidume cha wiki tatu hapa nyumbani, kwetu mjukuu wa kwanza anarithi jina la babu na mzee wangu ni Yakobo, keshaanza kumwita "wajina". Sasa mama mtoto kasikia mahubiri redioni kwamba Yakobo kwa Kiebrania ni mlaghai na jina linamfuata mtu, anataka tumwite Israeli. Cheti cha kuzaliwa bado sijajaza. Wajuzi nisaidieni.

Mzee wa Konkodansi: Hongera mkuu. Soma Mwanzo 25:26, katoka tumboni kamshika Esau kisigino. Kisigino kwa Kiebrania ni *akev*, jina ni *Yaakov*, hata Waarabu kisigino wanaita *akib*. Hiyo ya ulaghai kaitia Esau mwenyewe sura ya 27 baada ya kupigwa baraka zake, kalichezea jina kwa hasira. Sasa nyie mnachukua tafsiri ya mtu aliyedhulumiwa mnaifanya kamusi?

bintiSayuni: Mzee usimdanganye mwenzio, Hosea 12 nayo inamsema kwa kisigino hichohicho. Dada ana hoja.

Mzee wa Konkodansi: Hosea anamsema Yakobo kwa matendo yake binti, jina ni la kuchezea tu. Na kuna wataalamu wanaona ni kifupi cha *Yaakov-El*, yaani Mungu amlinde, maana majina ya muundo huo yamekutwa kwenye vibao vya udongo vya Mesopotamia.

Kobe Taratibu: Mi nauliza tu, mitume wawili wa Yesu walikuwa kina Yakobo na waraka upo, nao walaghai? Au kina James wote wa mjini, maana ni jina hilohilo limepitia Kigiriki na Kilatini 😂

Mama Pacha: Baba, Abramu akishaitwa Ibrahimu harudi tena kwenye jina la zamani, ila huyu kapewa Israeli sura ya 32 halafu Mwanzo 46:2 Mungu mwenyewe anamwita "Yakobo, Yakobo". Msomee mwenzio hapo, ila taratibu, mzazi wa wiki tatu halali huyo.

Mleta uzi: Nimemsomea. Kanyamaza kidogo, kasema sawa, ila la pili analichagua yeye na mama yake. Naenda kujaza fomu kesho asubuhi kabla hajaisikia redio tena.