Kwa nini ndoto hufutika kabla sijavaa kandambili?

Fundi cherehani, Pasua, Moshi:

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu bibi yetu alipofariki mwezi wa nne. Kwa majuma mawili sasa ninamwota mara kwa mara, na kila ninapozinduka huwa nina hakika kwamba ameniambia neno, tena neno la maana. Lakini nikishazima kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri, nikapapasa kandambili kwa miguu gizani, neno lenyewe limekwisha kuyeyuka, na kinachobaki ni ile hali tu ya kwamba nilikuwa naye. Mke wangu husimulia ndoto zake wakati wa chai kama anayesoma gazeti. Sitafuti tafsiri, maana wazee wa kutafsiri ninao wa kutosha huko Kibosho. Ninachotaka kujua ni kwa nini ndoto husahaulika upesi namna hii, ilhali vipimo vya suruali ya mteja niliyempima juzi ninavyo kichwani bila kufungua daftari, na kama ipo njia ya kuzishika.

Muuguzi wa zamu ya usiku, Arusha:

Pole sana kaka kwa msiba. Mfano wako wa suruali ndio wenye jibu. Vipimo vile uliviingiza kichwani ukiwa macho, wakati ubongo uko tayari kuandika. Ndoto huja wakati mwandishi ameweka kalamu chini. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na ikaonekana kwamba mtu akiamshwa katika kipindi hicho mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Kipindi hicho hurudi takribani kila baada ya dakika 90, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kupambazuka, ndiyo maana ndoto ndefu huwa ni za alfajiri. Humo ndani noradrenalini, kemikali inayousaidia ubongo kulitia tukio alama ya kutunzwa, hushuka mno, na sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga mambo kwa mfuatano nayo hupoa. Kwa hiyo neno la bibi halikupotea baada ya kuwekwa. Yaelekea halikuwekwa kabisa, bali lilikuwa likielea tu pale ulipozinduka. Zaidi ya hayo, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika ubongo wa panya zipo seli ambazo hufanya kazi wakati wa usingizi huo na kudhoofisha kumbukumbu, kana kwamba kusahau kwenyewe ni kazi iliyopangwa.

Kuhusu wifi, naomba nikuulize: je, huamka usiku? Wanaokumbuka ndoto sana huwa ni wale wanaozinduka mara nyingi zaidi, hata kwa dakika chache, kwa kuwa ndoto humkuta mtu yu macho kidogo na hapo hupata nafasi ya kuandikwa.

Fundi cherehani, Pasua, Moshi:

Dada, umenichekesha. Tuna mtoto wa miezi mitano, naye mama yake huamka kumnyonyesha mara tatu usiku. Mimi sisikii kitu.

Mwalimu mstaafu, Njiro:

Mwanangu, nimekuwa nikiandika ndoto zangu tangu nilipostaafu, na nitakueleza kinachoniangusha hadi leo: ni kujigeuza. Ukizinduka, usinyooshe hata mguu, wala usifikirie kazi ya siku hiyo, kwa sababu wazo moja tu la mteja anayedai sare ya mtoto wake linatosha kuifukuza ndoto yote. Baki ulivyolala, ushike picha ya mwisho uliyoiona, kisha uivute polepole kurudi nyuma, kama mtu anayekunja uzi. Ikiwa hakuna picha, anza na hali ya moyo: nilikuwa na hofu, au nilikuwa na furaha? Ndipo unyooshe mkono kwenye daftari. Mimi hutumia penseli, maana kalamu ya wino hugoma ukiandika chali, na huandika maneno manne au matano bila kuwasha taa. Asubuhi mwandiko huwa kama wa mtoto wa chekechea, lakini unasomeka. Kabla ya kulala jiambie waziwazi kwamba utakumbuka. Ni jambo dogo, nami nililidharau kwa muda mrefu, lakini linasaidia. Na hiyo simu ndiyo adui wako mkubwa, kwa kuwa mkono ukishaishika, macho nayo husoma ujumbe. Jaribu Jumapili, usipotega kengele.

Mzee wa Sakina:

Nakubaliana na mwalimu, ila naongeza mawili. Kama jioni hupitia mbege, punguza, kwani pombe huukata usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku na kuuvuruga uliobaki. La pili ni la tahadhari. Wewe ni fundi, unajua vipande viwili visivyofanana vikishonwa vizuri mshono hauonekani. Akili iliyoamka nayo hushona hivyohivyo. Utakachokiandika baada ya robo saa kina uzi wako mwenyewe ndani yake, kwa hiyo usikate shauri la shamba kwa neno uliloliokota usingizini.

Fundi cherehani, Pasua, Moshi:

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Jumapili mbili za kwanza sikupata kitu, kwa kuwa nilijigeuza kabla sijakumbuka kwamba sipaswi kujigeuza. Leo nimelala kimya nikisikia jogoo wa jirani, na picha ya mwisho ikaja: bibi ameinama kwenye mfereji wa kihambani, yaani shamba letu la nyumbani, jembe mkononi, gauni limelowa hadi magotini. Daftarini nimekuta maneno matano: "bibi, mfereji, jembe, funga maji." Ndivyo alivyokuwa akitupigia kelele kila zamu yetu ya maji ilipokwisha, nasi tukiendelea kucheza. Nimemsomea mke wangu wakati wa chai, naye ameniuliza kwa nini maneno ni matano na yeye anahesabu manne. Kumbe mimi nilihesabu "funga" na "maji" mbalimbali.