Panya wa maabara waachwe, dawa za saratani zipimwe kwenye seli za binadamu tu?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Desemba 2022 Marekani ilibadilisha sheria: mtengeneza dawa halazimiki tena kuipima kwa wanyama kabla ya kuijaribu kwa watu, anaweza kupeleka ushahidi wa seli au wa kompyuta. Aprili 2025 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ikatangaza mpango wa kuwapunguza wanyama hatua kwa hatua, ikianzia kwenye dawa za kingamwili (protini za kinga zinazotengenezwa maabara). Tangu hapo nasikia watu wakisema panya kamaliza kazi. Kwa saratani, napinga.

Uvimbe si seli za saratani tupu. Chukua wa kongosho: sehemu kubwa ni tishu ngumu kama kovu, seli za kinga na mishipa ya damu iliyobanwa, dawa inapenya kwa shida. Sasa zitoe seli humo, zioteshe kwenye sahani ya plastiki. Dawa inazifikia zote, zinakufa, watu wanapiga makofi. Mgonjwa akipewa, hola.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, hiyo sahani ni ya mwaka 47. Siku hizi kuna oganoidi: seli za uvimbe wa mgonjwa zinaoteshwa ndani ya jeli, zinajipanga zenyewe kama kiungo kidogo. 2018 watafiti wa London walizijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya mfumo wa chakula iliyosambaa. Dawa iliyoshindwa kwenye oganoidi ilishindwa kwa mgonjwa mara zote. Iliyofanya kazi humo ilifanya kazi na kwa mgonjwa mara 88 kati ya 100. Panya gani atakupa hiyo? Halafu umesahau 2006, London hiyo hiyo: kingamwili TGN1412 ilipita kwa kima bila shida, wakapewa watu 6 wazima wa afya, wote wakaishia ICU.

Mleta mada: TGN1412 ni hoja nzito, siikwepi. Ila malizia hadithi. Seli za damu za binadamu nazo zilipimwa, hazikuonyesha hatari yoyote, kwa sababu dawa iliachwa ielee tu kwenye kimiminika. Baada ya ajali ndipo wakaibandika kwenye plastiki, na jaribio jingine wakaweka seli za damu juu ya seli za ukuta wa mishipa. Zikachachamaa na kumwaga kemikali za kinga, kama zilivyofanya kwa wale watu. Seli zile zile, dawa ile ile, kilichobadilika ni mazingira yake.

Utafiti wako wa 2018 nao ulipofika kwa regorafenib, dawa inayoshambulia mishipa ya damu, ulizipandikiza oganoidi ndani ya panya. Zenyewe hazina mishipa. Na jeli mnayoisifia, Matrigel, inatolewa kwenye uvimbe wa panya! Kwa hiyo "bila wanyama" tuiseme taratibu. Nikiona oganoidi yenye mishipa na kinga ya mgonjwa mwenyewe, ikishindanishwa na panya waziwazi, nitahama upande.

Mchangiaji wa tatu: Mnabishania panya, mimi nauliza seli za nani. Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa Burkitt (saratani ya limfu inayowapata zaidi watoto) kilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London kwa mtafiti wa virusi, Epstein. Ukungu ukaipeleka ndege Manchester, kikachelewa, maji yake yakawa na wingu. Walidhani ni bakteria; kuangalia kwenye darubini, ni seli hai zinaelea. Zikaoteshwa, na 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana ndani yake. Hizo zilikuwa seli za huku kwetu. Saratani ya umio inatusumbua kuanzia Kenya hadi Malawi, na tishu inayouzunguka uvimbe inategemea mtu alivyoishi: chakula, moshi, maambukizi. Kama mwamuzi wa dawa sasa ni seli za binadamu, na zinazohifadhiwa nyingi ni za Wazungu, mleta mada, wewe utatetea panya au utadai maabara ya kuotesha seli Muhimbili?

Mleta mada: Maabara kwanza. Panya nitamtetea humo humo ndani.