Uvimbe umesinyaa, baba mkwe anasema turudi nyumbani. Ni lazima figo itolewe?

Mama wa Mbinga

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa nje ya wodi, mtoto amelala, chaji imebaki kidogo, mnisamehe nikikatisha.

Binti yangu ana miaka 3 na miezi 2. Mwezi wa 8 nilikuwa namwogesha nikahisi kitu kigumu tumboni, upande wa kushoto, kama kiazi. Zahanati walitupa dawa za minyoo. Tumbo likazidi. Siku moja akakojoa damu, mara moja tu, ndipo tukapewa rufaa kwenda Songea, na Songea wakatuleta hospitali ya Muhimbili, Dar. Baada ya picha wakatuambia ni saratani ya figo ya watoto, inaitwa Wilms.

Leo ni wiki ya 4 ya dawa za mshipani. Ijumaa wamerudia ultrasaundi, uvimbe umesinyaa sana. Hata gauni lililokuwa linambana sasa linapwaya. Anakula, anacheza na wenzake. Ila daktari anasema hatua inayofuata ni upasuaji, figo ya kushoto itolewe yote pamoja na uvimbe.

Nimempigia mume wangu, yuko nyumbani na wale wakubwa wawili. Baba mkwe akachukua simu, akasema mtoto aliyepona hapasuliwi tumbo, nirudi, mvua zinakaribia na shamba halijaguswa. Mama mkwe analia, anauliza mtoto wa kike mwenye figo moja nani atamwoa, atazaa kweli? Mume wangu hasemi kitu. Nimebaki katikati.

Naomba aliyepitia hili aniambie. Kuna aliyerudi nyumbani katika hatua hii na mtoto akawa salama?

Shamba la Dawa

Pole dada. Usikimbilie kisu. Chemsha majani ya mstafeli, mpe kikombe asubuhi na jioni. Jirani yangu alikuwa na uvimbe ukaisha kabisa. Kama umeshaanza kusinyaa, hayo majani yatamalizia.

Baba wa Urambo

Dada yangu, pole sana. Nimesoma ujumbe wako nikaweka simu chini, nikatoka nje kwanza, ndipo nimerudi kuandika. Maneno ya baba mkwe wako ndiyo niliyoyasema mimi mwenyewe mwaka 2018.

Mwanangu alikuwa na miaka 4. Kwetu tumbo la mtoto likivimba kushoto, watu wanasema bandama. Bibi yake alimpeleka kwa mzee mmoja akachanjwa chale 11, nilizihesabu baadaye, wakapaka dawa nyeusi. Alama zake anazo hadi leo, juu kidogo ya kovu la upasuaji. Simlaumu bibi. Ndicho alichokijua, na usiku kucha alikuwa ameketi naye.

Tulifika Dar mwezi wa Oktoba, kwa treni. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki sita, kwa hiyo nilikwenda mimi na dada yangu. Usiku alilala naye dada, mchana nilishika mimi. Akina baba tulikuwa wachache mno pale, na yote ninayoyajua kuhusu kumhudumia mtoto wa saratani nilifundishwa na akina mama wa vitanda vya jirani. Vidonda vikitoka mdomoni, uji uwe wa vuguvugu, na asukutue kwa maji ya chumvi. Papai kila siku, kwa sababu vinkristini, moja ya zile dawa za mshipani, inafunga choo mpaka mtoto anajikunja kwa maumivu. Na dawa inapoingia usiuache mkono wenye kanyula, ule mrija wa mshipani: ukivimba, au akisema panaunguza, mwite sista pale pale, maana ile dawa ikimwagika nje ya mshipa inachoma nyama. Mama mmoja wa Kilwa alinionyesha jinsi ya kumshika mwanangu wakati wa kuchomwa, kifua kwa kifua, ili asimwone mchomaji. Kabla ya hapo alikuwa akisikia toroli linakuja anajificha nyuma yangu na kuning'inia kwenye mkanda wa suruali.

Wiki ya 4 uvimbe ukasinyaa kama wa binti yako. Akaanza kukimbia koridoni, akawa anadai ugali na dagaa. Nikapiga hesabu zangu. Miche ya tumbaku iko kitaluni, mvua imeanza, mke yuko peke yake na kichanga, mkopo wa pembejeo wa chama unanisubiri. Dawa za mwanangu sikulipia, zilikuwa bure, lakini kuishi Dar si bure: sabuni, vocha, chakula changu na cha dada yangu, nauli ya kwenda kuomba kibarua. Nikamwambia daktari kuna msiba nyumbani, naomba wiki moja. Hapakuwa na msiba.

Tulikaa wiki 9.

Zile za mwanzo zilikuwa nzuri, na ndizo zilizonipoteza. Nywele ziliota laini kama manyoya ya kifaranga. Watu walikuja kumwona, tukachinja kuku. Nilipanda tumbaku yote. Wiki ya 5 nikaona halali tena ubavu wa kushoto. Sikumwambia mke wangu, naye alikuwa ameshaona, hakuniambia. Wiki ya 7 tumbo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Ndugu yangu Shamba la Dawa, hayo majani ya mstafeli nilichemsha mimi kwa mikono yangu, siku 12 mfululizo, mtoto anayameza huku akitapika kwa sababu baba yake anamwambia ameze. Tafadhali usimwambie mama huyu yatamalizia. Kikohozi kilipoanza tukapanda treni.

Picha ya kifua ilionyesha madoa kwenye mapafu yote mawili.

Daktari hakunifokea. Alivuta kiti, akachora figo mbili nyuma ya karatasi ya vipimo, akanieleza jambo ambalo huenda nililisikia mara ya kwanza lakini halikuniingia. Zile wiki 4 hazikuwa za kuponya. Ni za kuufanya uvimbe unywee na ukaze ili utoke mzima, usipasuke mkononi mwa mpasuaji, kwa sababu ukipasuka ile saratani inamwagika tumboni kote. Kilichobaki ndani ya figo bado kiko hai. Ukiacha pale, kinajipanga upya na kusafiri kwa damu, na mahali kinapopenda kwenda ni mapafu.

Basi dawa zilizokuwa mbili zikawa tatu. Ya tatu ni ile nyekundu, wanapima moyo kwanza kabla ya kuitoa, na mkojo unatoka mwekundu ukadhani ni damu. Wiki 4 zikawa 6. Kisha upasuaji. Kisha mionzi ya mapafu kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, siku 10, kila asubuhi analazwa kwa dawa ya usingizi ili asitikisike, na mimi nikiwa nje ya mlango mzito nimeshika viatu vyake. Kisha dawa tena, miezi. Tulimaliza Oktoba 2019, mwaka mzima tangu tulipofika mara ya kwanza. Figo na uvimbe wake vilipopimwa vilikuwa kilo 1 na gramu 200. Mtoto mwenyewe alikuwa na kilo 13.

Yuko hai, yuko darasa la tano. Kila mwaka tunakwenda kupima moyo na mkojo. Anapenda mpira, nimemruhusu acheze ila golini nimemkataza, naogopa teke la tumbo. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini yeye tu katika wanangu ana kovu kubwa hivyo. Nilimweleza yote, pamoja na ile safari ya treni ya kurudi nyumbani. Alikaa kimya, halafu akaniuliza kama tumbaku ya mwaka ule ilipata bei nzuri.

Hujasema kwamba binti yako ana madoa mapafuni. Uko mahali pale pale nilipokuwa mimi kabla ya kusema uongo wangu. Usiondoke dada. Na kama mumeo hasemi kitu, mimi nadhani anaogopa, simu ya mzee imemfunga mdomo. Nitumie namba yake kwa ujumbe wa faragha. Nitampigia, tuongee mkulima na mkulima.

Muuguzi Mstaafu

Baba wa Urambo, asante kwa kusema. Wengi hawasemi.

Mama wa Mbinga, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka 26, nikujibu la mama mkwe kwanza kwa sababu najua ndilo linaloumiza. Figo moja nzima inatosha maisha yote. Inayobaki hukua kidogo na kubeba kazi ya zote mbili. Kuna wanawake waliowatolea ndugu zao figo na baadaye wakazaa. Mwambie bibi hivyo, kwa upole, maana yeye anamtetea mjukuu wake kwa namna anayoijua. Baadaye mtakachotakiwa kuangalia ni shinikizo la damu, mkojo, na kutompa ovyo dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki.

Pili, figo ikitolewa inapelekwa maabara, na majibu yale ndiyo yatakayosema dawa za baada ya upasuaji ni za muda gani. Kuna mtoto anayepewa wiki 4, kuna anayepewa karibu wiki 27. Uliza mapema ili nyumbani wajipange, wasije wakashtuka tena. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, waeleze habari ya nauli na watoto uliowaacha. Omba pia daktari aongee na mume wako kwa simu, sauti ikiwa wazi, na mzee asikilize. Si usumbufu, ni sehemu ya kazi yao.

Mpaka siku ya upasuaji usiruhusu mgeni yeyote ambonyeze tumbo kuona kama uvimbe umeisha. Watu hupenda kufanya hivyo. Na joto likifika 38, hata saa nane usiku, unamwamsha sista. Usimpe panado ukangoja asubuhi.

Jambo moja zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipoweka mwaka 2018 lengo la kuponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030, lilichagua aina 6 za kuanza nazo, na Wilms ni mojawapo. Ilichaguliwa kwa sababu inatibika. Mwambie baba mkwe wako hilo pia.

Mama wa Sengerema

Wa kwangu ilikuwa ya taya, Burkitt. Ile inakimbia, na dawa ikiingia inayeyuka haraka, dozi ya pili tu uso ulikuwa umerudi kama zamani. Tulimchukua nyumbani kwa sikukuu. Sisi hatukuwahi kurudi.

Alikuwa na miaka 6. Sina zaidi ya kusema, nimeona tu nisipite bila kuandika. Baki hapo mama.

Mama wa Mbinga

Nimesoma yote, mara nyingine nikiwa chooni ili wenzangu wasinione nalia. Mama wa Sengerema, pole mama yangu, sijui niseme nini. Asante kwa kuandika.

Nawapa habari. Baba wa Urambo aliongea na mume wangu juzi usiku karibu saa nzima. Sijui walisema nini, mume wangu ameniambia tu kwamba yule bwana alimwuliza ana ekari ngapi. Jana daktari akampigia, na baba mkwe alikuwepo. Mzee aliuliza maswali matatu, la mwisho likiwa kama mtoto atasikia maumivu anapopasuliwa. Alipoambiwa atalazwa usingizi mzito akasema, basi fanyeni. Mama mkwe bado analia, ila ametuma unga wa ulezi kwa basi.

Upasuaji ni Alhamisi. Mume wangu anakuja kutoa damu, ameuza magunia mawili ya mahindi. Shamba litalimwa na shemeji.

Nina swali dogo. Nguo gani nimwandalie kwa siku za baada ya upasuaji? Zote alizonazo ni za kuvalia kichwani.

Baba wa Urambo

Tafuta gauni lenye vifungo mbele toka juu mpaka chini, pana, la pamba, na lisiwe na mpira kiunoni. Kovu la mwanangu linavuka tumbo kwa upana, na suruali ya mpira ilimtesa mpaka nikaikata kwa wembe. Kama hupati, chukua shati kuukuu la baba yake. Wangu alivaa langu siku 6 na akakataa kulivua hata lilipotakiwa kufuliwa.

Wakikuruhusu kuanza kumpa uji, huo ulezi wa bibi uwe mwepesi kwanza. Alhamisi nitakuwa shambani lakini simu nitakuwa nayo mfukoni.